Bibi Subiri wa Chumba cha Vitendo

Wanafunzi wa chuo cha uuguzi walimwogopa Mwalimu siku zote isipokuwa siku ya igizo. Siku hiyo mwanamke yule aliyepita koridoni na sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akicheka mlango ukiwa wazi, alivua viatu, akajifunga kitambaa kichwani, akaketi kwenye mkeka katika kona ya chumba cha vitendo, na kugeuka kuwa Bibi Subiri.

Kona ile aliitengeneza kwa mkono wake. Alikuwa na msimamo kwamba muuguzi anayefundishwa wodini tu hutoka nusu. Wodini mgonjwa amevuliwa nguo zake, amelazwa, hana pa kwenda. Lakini somo la Mwalimu lilikuwa huduma ya afya ya msingi katika jamii, na huko muuguzi ndiye mgeni.

"Hospitalini mgonjwa anakuomba wewe ruhusa hata ya kwenda chooni," aliwaambia kila kundi jipya. "Nyumbani kwake, wewe ndiye utakayeomba ruhusa ya kukaa. Ukikosa adabu hapo mlangoni, elimu yako yote inabaki nje na wewe."

Ndiyo maana pale konani palikuwa na mkeka, kigoda, jiko lisilowashwa, ndoo yenye mfuniko, na pazia kuukuu lililofanya kazi ya mlango. Mwanafunzi alibisha hodi nje ya pazia. Alisalimia. Hakukaa mpaka akaribishwe. Alitandika gazeti chini ya mkoba wake wa kazi, akanawa mikono mbele ya mwenye nyumba, kisha ndipo akauliza anachotaka kuuliza, tena asiulize kama polisi.

Bibi Subiri ndiye aliyekuwa mtihani wao, na hakuwa mtihani mwepesi.

"Hodi, bibi."

"Hodi ya nini? Mmekuja kuhesabu masufuria yangu?"

Darasa likaanza kuchekea viganjani.

"Hapana, bibi, tumekuja kukujulia hali. Zile dawa za presha na sukari unazimeza?"

Hapo Bibi Subiri alishika ncha ya kitambaa chake, akajifuta pembe za mdomo, kulia kisha kushoto, akamwangalia mgeni kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, kama fundi anayepima mlango. "Dawa ninazo, mjukuu wangu. Nazitunza. Nikimeza kila siku, si zitaisha?"

"Lakini bibi, zinatakiwa zimezwe kila siku."

"Subiri kwanza. Subiri niumwe, ndipo nimeze. Nyie watu wa chuo mna haraka kama mnafukuzwa."

Wanafunzi walivunjika mbavu. Waliomaliza chuo miaka ya nyuma walipokutana na Mwalimu sokoni walimwuliza habari za Bibi Subiri kabla ya kuuliza habari zake mwenyewe. Na lazima isemwe kwamba njia ile ilifanya kazi. Wasichana na wavulana waliopita mikononi mwa bibi yule walikwenda vijijini na mitaani wakajua kunyamaza, kungoja, kuuliza upya kwa upole. Wakuu wa zahanati waliwasifu. Mwalimu alizipokea sifa hizo kwa kichwa kilichoinama kidogo, kama inavyompasa mtu wa familia yenye heshima.

Jambo ambalo hakuna mtu chuoni alilijua ni kwamba Bibi Subiri hakutungwa. Alikuwa anaishi mitaa miwili tu kutoka kwa Mwalimu, katika nyumba yenye geti la bluu. Alikuwa wifi yake.

Ile ncha ya kitambaa ilikuwa ya wifi. Lile jicho la kupima watu kuanzia miguuni lilikuwa la wifi. Maneno ya kutunza dawa zisiishe aliyasema wifi siku moja mezani kwa Mwalimu, akiwa amepakua chakula, bila kujua kwamba yule anayemsikiliza anayaweka akiba. Wifi ndiye dada mkubwa wa marehemu mume wa Mwalimu. Hakusoma, maana zamani nyumbani kwao aliyesomeshwa ni mdogo wake wa kiume, na yeye alibaki kuuza sabuni na mkaa ili ada ipatikane. Na mdogo wake huyo alipofariki, baadhi ya wanaume wa ukoo wakaanza kukohoa na kuzunguka-zunguka maneno kuhusu nyumba aliyoiacha, wifi ndiye aliyesimama katikati ya sebule na kusema, "Nyumba ya mdogo wangu ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule pale amekaa. Anayetaka neno na aniambie mimi." Hakuna aliyetaka neno.

Mwalimu aliyajua yote hayo. Alijiambia kwamba igizo halina ubaya kwa kuwa halitaji jina. Alijiambia pia kwamba wifi hana shughuli chuoni, hatakanyaga pale maisha yake yote. Watu waliosoma wana ufundi mkubwa wa kujipatia sababu.

Kisha akaja mkuu mpya wa chuo na wazo lake. Alitaka jamii iingie darasani kabla darasa halijaenda kwa jamii. Wakazi wa mitaa ya karibu wangekaribishwa kutazama mazoezi ya ziara za nyumbani, halafu waseme wenyewe wangependa kutembelewa namna gani. Mwalimu alilipenda wazo hilo. Hata kwenye kikao cha wakufunzi alisimama kulitetea, akasema ndicho anachokihubiri siku zote. Baadaye, akiwa peke yake na kiongozi wa mtaa, alimwomba alete watu wa upande wa juu, kule kwenye mashine ya kusaga, mbali na geti la bluu.

"Upande wa juu, hakuna shida, Mwalimu," alijibu kiongozi wa mtaa, na akaenda kuwaleta wale aliowakuta hawana kazi siku hiyo.

Chumba cha vitendo kilijaa. Wakazi walikaa kwenye mabenchi, wanafunzi wakasimama ukutani, mkuu wa chuo akakaa mbele na kalamu yake. Mwalimu alikuwa tayari yuko nyuma ya pazia akifunga kitambaa, kwa hiyo hakuona nani ameingia. Mwanafunzi aliyechaguliwa kuwa mgeni alikuwa msichana mmoja ambaye wenzake walimwita Maswali, kwa kuwa hakuwahi kuacha mkufunzi amalize sentensi.

Igizo lilianza vizuri. Kwenye masufuria, wakazi walicheka kuliko wanafunzi. Mama mmoja alipiga makofi. Mwalimu alijisikia mwepesi. Miguu yake mitupu kwenye mkeka, sauti yake imeshuka na kukwaruza inavyotakiwa. Maswali akauliza kuhusu dawa. Mwalimu akashika ncha ya kitambaa, akajifuta kulia, akajifuta kushoto, akainua macho kwa ajili ya lile jicho la fundi. Lakini jicho lilimpita Maswali likaenda hadi benchi la katikati. Likaanzia miguuni, kama kawaida. Likakuta gauni analolijua. Likapanda juu, likamkuta wifi yake.

Wifi alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kwa raha, kama mtu aliyetoka nyumbani kwake kuja kumwona ndugu yake kazini na akamkuta anapendwa. Alikuwa bado hajajiona.

Maneno yaliyofuata ni yale ya kutunza dawa. Mwalimu angeweza kuyaruka. Angeweza kukohoa, kujifanya amesahau, kumpa Bibi Subiri jibu jingine lolote. Alikuwa na nafasi ya kutosha, maana watu walikuwa bado wanacheka. Lakini mkuu alikuwa mbele na kalamu, wanafunzi wote wanayasubiri maneno yale, na Mwalimu hakuwa mtu wa kukwama mbele za watu.

"Dawa ninazo, mjukuu wangu," alisema. "Nazitunza. Nikimeza kila siku, si zitaisha?"

Chumba kililipuka. Wifi alikuwa ameinua ncha ya kitambaa chake ili ajifute machozi ya kicheko, na mkono ukasimama hapo hapo, katikati ya njia, karibu na mdomo. Mwanamke aliyekaa naye akampiga kiwiko. "He! Mbona ni wewe kabisa!"

Mkono wa wifi ulishuka polepole, akauficha chini ya mwingine mapajani.

Igizo liliendelea hadi mwisho. Hilo ndilo Mwalimu hakuweza kulisahau baadaye, kwamba liliendelea hadi mwisho na yeye hakukosea neno hata moja. Makofi yalipoisha, mkuu aliwaomba wakazi watoe maoni. Mmoja alisema wageni wasije wakati wa kupika. Mwingine alisema wasije wengi. Kisha wifi akasimama, akiegemea bega la jirani yake.

"Mimi nimejifunza kitu," alisema. "Nimejifunza kwamba nyie mkikaribishwa kwenye nyumba ya mtu, mnaondoka na vitu vyake."

Mkuu akashtuka. "Vitu gani, mama? Kuna mwanafunzi amekuibia?"

"Sijasema mwanafunzi." Akamtazama yule aliyesimama karibu na pazia na kitambaa kichwani. "Atajijua mwenyewe."

Akatoka, akitembea taratibu. Mwalimu alirudi nyuma ya pazia kufungua kitambaa, na fundo likamshinda, mpaka akakivuta kwa nguvu kikang'oka na nywele.

Siku zilizofuata hakwenda kwenye geti la bluu. Alipika sababu mpya: ampe muda apoe, wifi ana hasira za karibu. Ukweli ni kwamba hakujua angeanzia wapi. Mtu akikanyaga mguu wa mwenzake anaomba radhi kwa kukanyaga. Yeye angeomba radhi ya nini? Ya miaka yote hiyo ya kuchekesha watu kwa mdomo wa dada wa mume wake?

Wiki ya ziara za nyumbani ikaanza. Jioni ya kwanza wanafunzi walirudi na vumbi miguuni, wakaketi kwa ajili ya mrejesho, na Maswali hakungoja kuitwa.

"Mwalimu! Tumempata!"

"Mmempata nani?"

"Bibi Subiri mwenyewe! Yupo, Mwalimu, ni mtu kabisa! Ni yule mama aliyesimama kusema siku ile, nyumba yenye geti la bluu. Anajifuta mdomo hivi na hivi, anakuangalia kuanzia chini. Yaani sisi tulibaki tunajishika mbavu pale nje."

Darasa zima likacheka. Mwalimu aliisikia sauti yake ikitoka mbali. "Na yeye? Amesemaje?"

"Ametufukuza. Amesema, kamwambieni mwalimu wenu onyesho limefungwa." Wenzake wakacheka tena, lakini Maswali sasa hakucheka. "Ila Mwalimu, kuna jambo. Pale mlangoni palikuwa na harufu. Mimi nimetoka wodi ya upasuaji juzi tu, harufu ile naijua. Ni kidonda. Na mguu mmoja ameufunika taulo."

Hapo Mwalimu alikumbuka jinsi wifi alivyoegemea bega la jirani, na alivyotoka akitembea taratibu. Macho yake yaliyosomea mambo hayo yalimwona, akadhani ni hasira.

"Chukua mkoba," alimwambia Maswali. "Twende."

Walifika wakati watu wako nje. Mwanamke mmoja alikuwa anafua bombani, mwingine anafagia mbele ya mlango wake. Geti la bluu lilikuwa limerudishwa tu, wakalisukuma na kusimama mbele ya mlango wa ndani, uliokuwa wazi nusu.

"Hodi," alisema Mwalimu.

Akabisha tena.

"Hodi wenyewe."

"Nani huyo?"

"Ni mimi, wifi."

"Wifi yangu hapigi hodi, anaingia. Wewe utakuwa Mwalimu. Sema shida yako, Mwalimu."

Yule aliyekuwa anafua alipunguza kasi. Mwalimu alikuwa mwanamke ambaye, tangu afiwe na mume, hakuwahi kusimama mlangoni kwa mtu akiomba kitu. Watoto wake aliwalea hivyo, na nyumba yake aliiendesha hivyo.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema.

"Kwa sauti hiyo? Kule chuoni sauti yako ilifika mpaka benchi la nyuma."

"Nimekuja kuomba radhi, wifi!" alisema kwa nguvu, na pale bombani kufua kukakoma kabisa. "Nimekukosea! Nimewachekesha watu wasiokujua kwa kukuigiza, na nimekufanyia hivyo kwa muda mrefu!"

Ufagio nao ulinyamaza. Sauti ya ndani ikauliza, "Huyo uliyekuja naye ni nani?"

"Ni mwanafunzi wangu."

"Aingie. Wewe baki hapo hapo."

Maswali alimtazama mwalimu wake, akaingia. Mlango ulibaki wazi, na kutoka pale alipokuwa Mwalimu aliona kila kitu: wifi kwenye kiti, mguu juu ya kigoda, taulo, na meza ndogo yenye kikombe.

"Kaa, binti. Unapenda igizo, siyo? Ngoja na mimi nikuonyeshe langu." Wifi akanyoosha mgongo, akabana midomo, akainua kidevu, na mara moja, bila sare na bila viatu, alikuwa Mwalimu. Akakichukua kikombe kwa vidole viwili. Akageuza uso pembeni kama anayetazama picha ukutani, na huku chini ya meza mkono mwingine ukatoa leso, ukapangusa ukingo wa kikombe pande zote haraka haraka, ukairudisha leso. Kisha akanywa tone moja na kusema kwa sauti nyembamba ya heshima, "Asante, wifi, chai yako ni nzuri sana."

Kicheko kilimtoka Maswali kabla hajakizuia. Bombani nako mtu alicheka.

Mwalimu alisimama na damu yote usoni. Leso ilikuwa ndani ya mkoba wake wakati ule ule. Alikuwa na hakika, kila mara, kwamba hakuna aliyemwona.

"Kila akija," wifi alimwambia Maswali, akirudi kuwa yeye mwenyewe, na uso wake haukuwa na mzaha tena. "Tangu ni bibi harusi. Namwona, nanyamaza. Sikumwigiza mbele ya mtu, hata mume wake. Hata mama yetu. Nilisema, ni mke wa mdogo wangu, aibu yake ni yangu."

Maswali, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akafungua gazeti, akalitandika sakafuni, akaweka mkoba juu yake, akaomba maji ya kunawa.

"Bibi," alisema alipomaliza kunawa, "naomba niuone mguu."

"Si wewe uliyekuwa unaniuliza kama polisi kule chuoni?"

"Ndiye mimi, bibi. Na alama nilipata mbovu."

Wifi alitoa sauti iliyokaribia kuwa kicheko, akavuta taulo. Hata kutoka mlangoni Mwalimu aliona. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekuwa vyeusi, na kidonda kilikuwa kimepanda ubavuni mwa mguu, kimefungwa kipande cha shuka. Alipiga hatua moja ndani.

"Nimesema hapo hapo," wifi alisema bila kugeuka.

Akarudi nyuma. Maswali alimtazama kuomba msaada, na Mwalimu akamwitikia kwa kichwa kwamba anafanya sawa, aendelee. Msichana alisafisha taratibu, akafunika na bandeji safi. Alitaka kukaza, na Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Usiibane," na hilo ndilo jambo pekee aliloruhusiwa kulifanya.

"Nilikuja siku ile nikuonyeshe wewe," wifi alisema, bado akitazama ukuta. "Kiongozi wa mtaa alipopita akasema twendeni chuoni, nikasema vizuri, wifi yangu akimaliza kazi nitamvuta pembeni. Pembeni, siyo mbele za watu. Nilikuwa naogopa nisikuaibishe mbele ya wakubwa zako."

Mwalimu aliugeuzia mlango mgongo. Akatoka hadi getini kumpigia simu dereva wa chuo, na akazungumza akiwa ameelekea ukutani, ili wale wa bombani wasimwone uso.

Hospitalini karani wa mapokezi aliuliza maswali yake bila kuinua kichwa. Umri. Makazi. Anatumia dawa gani. Wifi alijibu mwenyewe, kwa ufupi, na kwenye swali la dawa alisema, "Nilikuwa nazitunza," akinyoosha shingo, kama anayemkabili mtu acheke. Karani hakucheka.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Mwalimu alisimama lakini hakusema. Hakujua kama ana haki ya kusema.

"Andika huyo," wifi alisema, akielekeza kwa kidevu, macho yake kwenye mlango wa chumba cha daktari. "Mke wa mdogo wangu." Kisha akavua kandambili, akaegemea bega la Maswali, wakaingia ndani wawili, na mlango ukafungwa.

Daktari alitoka baadaye. Alimfahamu Mwalimu, akamsalimia kwa heshima, na kumweleza kwa lugha ya kazi yao kwamba vidole viwili havina uhai tena, itabidi viondolewe, ila mguu wenyewe wataupigania na anaamini utabaki. Kisha akaongeza, kwa mshangao wa kirafiki, "Sikujua mna ndugu mtaani kwetu hapa. Mbona hukumleta mapema?"

"Sikumwona," alijibu Mwalimu.

Daktari aliporudi ndani, yeye alikaa kwenye benchi la koridoni. Kandambili za wifi zilikuwa sakafuni pale zilipoachwa, akaziokota ili zisikanyagwe, akaziweka mapajani. Ya mguu mgonjwa ilikuwa imekatwa kwa kisu ubavuni, kipande kizima kimeondolewa ili kidonda kisiguswe, na uwazi ule ulikuwa umelainishwa pembeni kwa uzi, kwa mishono midogo iliyonyooka.

Watu walikuwa wanapita. Wauguzi wawili aliowafundisha mwenyewe walitokea mwisho wa koridoni, wakaanza kutabasamu walipomwona. Mkono wa Mwalimu ukauvuta mkoba, ukauweka juu ya ile kandambili iliyokatwa, kabla yeye mwenyewe hajajua unafanya nini.

Aliutazama mkono huo. Wauguzi walikuwa wamekaribia, nyuso zao zimechangamka, na alijua watakachomwuliza. Akauondoa mkoba, akauweka chini sakafuni, na akabaki amekaa na kandambili mapajani, wazi, watu wote waione, uso ukimwaka mpaka masikioni.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema. "Una mgonjwa?"

"Marahaba," alisema. "Ndiyo. Ni wifi yangu."